Piye, mfalme wa Kushi aliyepima utawala kwa hali ya farasi

Zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, mfalme mmoja kutoka eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Sudan alishuka Mto Nile na kuwatiisha watawala wa Misri. Jina lake ni Piye. Kumbukumbu aliyoiacha juu ya jiwe inaonyesha kwamba katika vita hivyo hakuna kilichomkasirisha kama farasi walionyimwa chakula.

Piye alitawala katika karne ya 8 kabla ya Kristo (KK), akimrithi Kashta. Makao yake yalikuwa Napata, chini ya mlima wa Jebel Barkal, karibu na mji wa sasa wa Karima. Watu wa Kushi waliuheshimu mlima huo kuwa makao ya mungu Amun. Wakati huo Misri ilikuwa imegawanyika baina ya wafalme na machifu wengi, huku Thebes na maeneo ya kusini yakiwa tayari chini ya ushawishi wa Kushi.

Amani hiyo ilivunjwa na Tefnakht, mtawala wa Sais katika delta ya Nile. Aliuteka mji wa Memphis, akasonga kusini na kuuzingira mji wa Herakleopolis. Namlot, mfalme wa Hermopolis, akamwacha Piye na kujiunga naye. Piye alituma jeshi, akiwaagiza makamanda wafunge kwenye magari ya vita farasi bora kuliko wote waliokuwa mabandani. Jeshi lilishinda mapambano kadhaa, lakini Tefnakht hakuangamizwa. Piye, akiwa amekasirika, akaondoka Napata mwenyewe.

Alipofika Hermopolis, aliamuru kujengwa tuta la udongo kando ya ukuta na mnara wa mbao, ili wapiga mishale na warusha mawe waweze kuushambulia mji kutoka juu. Siku zikapita, njaa ikaingia na mji ukaanza kunuka. Hatimaye mke wa Namlot alitumwa kuwaangukia wanawake wa nyumba ya Piye, wamwombee mumewe msamaha. Namlot akajisalimisha, akileta fedha, dhahabu na vito, huku akimwongoza farasi kwa mkono wake.

Piye akaingia mjini na kuanza ukaguzi. Alipitia vyumba vya ikulu na hazina. Wanawake wa Namlot walipoletwa mbele yake, hakuwatazama. Kisha akaenda kwenye mabanda ya farasi, akawakuta farasi na wana wao wamedhoofika kwa njaa. Mbele ya mfalme aliyeshindwa, Piye alitamka kwamba kuwanyima wanyama hao chakula kulimuumiza moyo kuliko makosa mengine yote ya Namlot. Hata hivyo hakumwua. Mali ya mji ilikabidhiwa hazina ya mfalme, na nafaka ya maghala ikatolewa kwa Amun wa Karnak.

Lakini njaa hiyo ilisababishwa pia na majeshi ya Piye, ambayo ndiyo yaliyoufunga mji. Jiwe halisemi lolote kuhusu jambo hilo. Linamtwika lawama yote mwenye mabanda, kwa kuwa mbele ya Piye mtawala aliyeshindwa kuwatunza farasi wake alikuwa ameshindwa kutawala.

Baada ya Memphis kutekwa, watawala wa delta walikuja mmoja baada ya mwingine. Padiese, mkuu wa Athribis, alimkaribisha Piye achague farasi bora wa mabanda yake, akaapa kwamba hakuficha hata mmoja, na kuwatakia kifo wakuu wenzake watakaoficha wao. Farasi walikuwa nguvu ya kijeshi, na aliyewaficha alionekana anajiandaa kwa vita vingine. Tefnakht naye alikula kiapo cha utii, na Piye akarejea nyumbani na merikebu zilizosheheni mali.

Maelezo hayo yalichongwa katika mwaka wa 21 wa utawala wake, kwenye jiwe la matale lenye mistari 159. Liligunduliwa Jebel Barkal mwaka 1862 na kupelekwa Cairo. Juu yake amechorwa Namlot akiwa na farasi mkononi, ilhali wafalme wengine wamesujudu.

Sifa ya farasi wa Kushi ilivuka mipaka. Katika karne iliyofuata, wakati wa Mfalme Esarhaddon wa Ashuru, ofisa wa mji wa Kalhu, katika Iraq ya leo, alimwandikia mfalme taarifa za idadi ya farasi walioingia, akiwatenganisha wa Kushi na wa aina nyingine. Esarhaddon huyohuyo aliivamia Misri mwaka 671 KK na kumshinda Taharqa, mwana wa Piye.

Piye alizikwa El-Kurru, karibu na Napata, chini ya piramidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji walikuta hapo makaburi 24 ya farasi katika safu nne, yanayohusishwa na Piye na wafalme wengine watatu wa ukoo wake. Farasi hao walizikwa wakiwa wamesimama na kuvishwa mapambo. El-Kurru na Jebel Barkal ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2003.