J.M. KARIUKI NA KALAMU YA KIZUIZINI

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Hata hivyo, wapo waliovumilia na mbivu zikaliwa na wengine. Mmoja wao ni hayati Josiah Mwangi Kariuki, ambaye wazee wetu humwita J.M. tu.

J.M. alizaliwa mwaka wa 1929 katika Bonde la Ufa, kwenye shamba la mzungu. Masomo yake yalikatizwa kwa kukosa karo. Mwaka wa 1946 alibahatika kushinda pesa za mashindano ya farasi. Je, alizila? La! Alinunua sare akarudi darasani na watoto wadogo, na mwishowe akafika King's College Budo, Uganda.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Mwingereza ilitangaza hali ya hatari ili kuwazima Mau Mau. J.M. alirudi nyumbani, akala kiapo. Mwaka uliofuata alikamatwa mjini Nakuru, akawekwa kizuizini miaka saba bila kufikishwa mahakamani.

Ndugu msomaji, kambi hizo hazikuwa za kufungia watu tu, zilikuwa za kuwachuja kama nafaka. Mtu alipitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Msaliti akitikisa kichwa tu, basi, umekwisha! Baada ya kuhojiwa ulipewa rangi. Mweupe aliachiliwa. Wa kijivu alibaki akifanyishwa kazi mpaka akiri kiapo. Mweusi alipelekwa mbali kabisa. Aprili 1954 jiji la Nairobi lilizingirwa na maelfu wakachujwa hivyo, wengi wakaishia Manyani, kando ya barabara ya Mombasa.

J.M. alipitia kambi nyingi, zikiwemo Kowop kule Samburu, Manyani, na kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Victoria. Hakuwa na bunduki. Silaha yake ilikuwa yale masomo aliyoyahangaikia. Aliandika barua kueleza mateso ya kambini, zikapenyezwa nje kwa siri hadi kwa wakubwa na wabunge wa Uingereza. Kila barua ilikuwa hatari, maana ikijulikana ni kipigo. Alipigwa vibaya sana, lakini hakuacha kuandika.

Ukweli hatimaye ulijitokeza. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa kambini Hola. Wakubwa walidai ati ni maji waliyokunywa! Uongo huo uliumbuka hata katika Bunge la Uingereza.

J.M. aliachiliwa mwaka wa 1960. Mwaka wa 1963, ule ule wa uhuru, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya kizuizini na akachaguliwa mbunge. Alikuwa katibu binafsi wa Mzee Kenyatta, lakini hilo halikumfunga mdomo. Aliendelea kuwatetea maskini na wasio na ardhi.

Machi 1975 alichukuliwa kutoka hoteli moja jijini Nairobi, na maiti yake ikapatikana Ngong. Kamati ya Bunge ilichunguza, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo hadi leo. Kambi za mkoloni hazikummaliza, akaja kuuawa katika nchi huru aliyoipigania.

Wanachama wenzangu, sisi kalamu tunazo na hakuna anayetupiga tukiandika. Tutaziandikia nini?