Wolfgang Güllich: Mkwea miamba aliyeutafutia mwamba dawa katika jumba la mazoezi

KATIKA majumba mengi ya kukwea kuta za bandia duniani, huwa kuna kona moja ambayo wanagenzi huipita kwa tahadhari. Pameangikwa ubao ulioinama kidogo kumwelekea mtu, nao umepigiliwa fito za mbao kwa mkato, mithili ya vidato vya ngazi. Anayeutumia ubao huo haruhusiwi kuweka mguu popote. Huning’inia kwa ncha za vidole, akajirusha kuudaka ufito wa juu kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine, hadi afike mwisho.

Ubao huo una historia. Ulibuniwa mnamo 1988 na Mjerumani Wolfgang Güllich, ambaye aliuangika katika jumba moja la mazoezi mjini Nuremberg lililojulikana kama Campus. Jina la jumba hilo liliganda kwenye ubao, na hadi leo wakwea miamba wa kila taifa huuita ubao wa Campus, wengi wao pasi na kujua jina hilo lilitoka wapi.

Güllich aliaga dunia mnamo 1992 akiwa na umri wa miaka 31 pekee. Hata hivyo, katika muda huo mfupi alikuwa amebadilisha fikra za wenzake kuhusu jambo moja la msingi: kwamba nguvu za kuushinda mwamba si karama ya kuzaliwa nayo tu, bali ni kitu kinachoweza kupangwa, kupimwa na kujengwa polepole ndani ya kuta nne.

Kijana wa mji wa viwanda

Alizaliwa Oktoba 24, 1960 mjini Ludwigshafen, kando ya mto Rhine, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Mji huo unajulikana zaidi kwa viwanda vyake vya kemikali kuliko kwa milima. Lakini kusini mwa jimbo hilo kuna miamba mirefu ya mawe ya mchanga, na ni huko ambako Güllich alianza kukwea akiwa bado mwanafunzi.

Wakati huo, wakwea miamba wengi barani Ulaya walikuwa wangali wanajivuta kwa vyuma na ngazi za kamba zilizopigiliwa mwambani. Kufika juu ndiko kulikohesabiwa. Namna ya kufika haikuwa na uzito mkubwa. Aliyeipinga desturi hiyo ni Kurt Albert, Mjerumani aliyeanza, mnamo 1975, kupaka doa jekundu chini ya kila njia aliyoweza kuikwea kwa mikono na miguu yake pekee. Kamba na vyuma vilibaki kuwa kinga ya kuokoa maisha endapo mtu angeteleza, wala havikuwa tena vya kupandia.

Güllich alivutiwa na falsafa hiyo. Alihamia eneo la Frankenjura, kaskazini mwa Nuremberg, ambalo lina maelfu ya njia za kukwea katika miamba ya chokaa. Aliishi pamoja na Albert katika nyumba moja kijijini Oberschöllenbach. Nyumba hiyo iligeuka kuwa kituo cha wakwea miamba kutoka pembe nyingi za dunia. Waliofika walilala popote palipokuwa na nafasi, wakafanya mazoezi pamoja na kujadiliana hadi usiku wa manane.

Aidha, Güllich alisomea sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg. Elimu hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wengi wa rika lake. Mnamo 1986, akishirikiana na Andreas Kubin, alichapisha kitabu kuhusu mbinu na mazoezi ya kukwea miamba kama mchezo, wakati ambapo mada hiyo ilikuwa bado changa.

Madaraja manne ya juu

Ugumu wa njia za miamba hupimwa kwa madaraja. Katika kipimo cha Ufaransa, kinachotumiwa sana, namba hupanda pamoja na herufi a, b na c, na alama ya kujumlisha huonyesha nusu hatua zaidi. Katika miaka ya themanini, kila hatua mpya ilikuwa sawa na rekodi ya dunia.

Mnamo 1982 Güllich alikuwa Marekani, ambako aliirudia njia ya Grand Illusion iliyofunguliwa na Tony Yaniro mnamo 1979. Mwaka wa 1984 alifungua Kanal im Rücken huko Ujerumani, ambayo ndiyo ya kwanza duniani kufika daraja la 8b. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Mlima Arapiles, Australia, akafungua Punks in the Gym, ya kwanza ya 8b+. Kisha mnamo 1987 akaikwea Wallstreet katika Frankenjura, ya kwanza ya 8c.

Wala hakuwa mtu wa njia fupi tu. Mnamo 1986 alikwea Separate Reality, paa la jiwe lililochomoza juu ya bonde la Yosemite, takriban mita 200 kutoka ardhini, bila kamba yoyote. Mnamo 1988 na 1989 alikuwa miongoni mwa waliokwea mnara wa Trango usio na jina nchini Pakistan, wenye kimo cha zaidi ya mita 6,200. Katika safari ya pili, yeye na Albert pamoja na wenzao walifungua njia ya Eternal Flame. Mapema mwaka wa 1991 alikuwa katika kundi la Wajerumani watano waliofungua njia ya Riders on the Storm katika minara ya Paine, kusini mwa Chile.

Fumbo la vidole

Hata hivyo, ni jiwe dogo la Frankenjura lililomtoa jasho kuliko milima hiyo yote. Katika mwamba wa Waldkopf kulikuwa na ukuta wa urefu wa mita 15 hivi, ulioinama vikali kiasi kwamba mkweaji huning’inia mgongo ukiangalia ardhi. Badala ya mishiko ya kiganja kizima, ukuta huo ulikuwa na vishimo vya kutosha kidole kimoja au viwili, tena vilivyotengana sana.

Güllich alitambua kwamba kuwa na vidole vyenye nguvu hakukutosha. Mtu anaweza kuning’inia kwa kidole kimoja akiwa ametulia, lakini akashindwa pale anaporuka na kutakiwa kukidaka kishimo kwa ghafla. Katika nukta hiyo, vidole vina sehemu ndogo tu ya sekunde kukaza kabla uzito wa mwili haujavinyofoa. Tatizo basi lilikuwa kasi ya nguvu, si wingi wake.

Jibu alilipata kwa wanariadha wa kuruka. Hao walikuwa wamezoea kujiangusha kutoka mahali palipoinuka na, mara tu nyayo zinapogusa chini, kuruka tena kwa nguvu. Zoezi hilo huifunza misuli kupokea mshtuko na kuugeuza papo hapo kuwa msukumo. Güllich aliihamisha kanuni hiyo kutoka miguuni hadi vidoleni. Juu ya ubao wake alijiangusha kutoka ufito wa juu, akaudaka wa chini, na bila kupumzika akarukia juu tena.

Haikuwa mara ya kwanza kwa wakwea miamba kufanyia mazoezi ndani ya nyumba. Nchini Uingereza, Don Robinson alikuwa amejenga ukuta katika ujia wa Chuo Kikuu cha Leeds mnamo 1964 kwa kuchomeka vipande vya mawe. Lakini kuta za aina hiyo ziliiga mwamba kwa jumla. Ubao wa Güllich haukuiga kitu. Uliuchukua udhaifu mmoja wa mwili, ukautenga na mengine yote, na kuushughulikia huo peke yake.

Septemba 14, 1991 mazoezi hayo yalizaa matunda. Baada ya takriban siku kumi za majaribio, Güllich aliunganisha miondoko 16 ya ukuta wa Waldkopf bila kuanguka. Njia hiyo aliiita Action Directe, jina la kundi la wanamgambo wa Ufaransa, kwa mzaha kuhusu jinsi ilivyoshambulia kano za vidole. Wengi huitambua kama ya kwanza duniani ya daraja la 9a. Mwingereza Ben Moon alikuwa amefikia 8c+ mwaka mmoja kabla yake.

Safari ya mwisho

Sifa zake zilimfikisha hata katika ulimwengu wa sinema. Mnamo 1992 alikuwa katika milima ya Dolomites, Italia, akikwea badala ya mwigizaji Sylvester Stallone katika filamu ya Cliffhanger. Filamu hiyo ilipotoka mnamo 1993, ilikuwa imetolewa kwa kumbukumbu yake.

Agosti 29, 1992 alikuwa akirejea kutoka Munich, ambako alikuwa amehojiwa na redio. Karibu na Ingolstadt gari lake liliacha barabara kuu. Inaaminika alisinzia kwenye usukani. Alifariki siku mbili baadaye, Agosti 31, bila kupata fahamu. Alizikwa Obertrubach, kijiji kilicho katikati ya miamba aliyoipenda.

Ni vigumu kuutazama mwisho huo bila majonzi. Mtu aliyening’inia bila kamba juu ya Yosemite hakuuawa na mwamba. Na yeye, ambaye fani yake ilifundisha kwamba mwili hujengeka unapopumzika na si unapochoshwa, huenda aliangamizwa na uchovu wa kawaida unaompata dereva yeyote.

Alichokiacha

Action Directe ilibaki bila kurudiwa hadi 1995, Mjerumani mwenzake Alexander Adler alipofaulu. Adam Ondra wa Jamhuri ya Czech aliikwea mnamo 2008 akiwa na umri wa miaka 15. Mwanamke wa kwanza kuimudu ni Mfaransa Mélissa Le Nevé, mnamo Mei 2020, baada ya miaka kadhaa ya kuijaribu. Kizazi cha leo kimeshavuka daraja la 9a, lakini njia hiyo ingali kipimo ambacho wakwea miamba bora hutaka kujipima nacho.

Mchezo wenyewe umehamia kwa kiasi kikubwa ndani ya majumba. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na wapo wanaoukwea ukuta wa bandia kwa miaka bila kugusa jiwe halisi.

Ubao wa Campus nao umekuwa baraka na mtihani. Unawavutia vijana, ilhali wataalamu huonya kuwa wale ambao mifupa yao ingali inakua, pamoja na wanaoanza mchezo, wanaweza kuviumiza vidole vyao kwa muda mrefu. Ufito mmoja uliodakwa kwa pupa waweza kumweka mtu nje ya ukuta kwa miezi.

Hapo ndipo maisha ya Güllich yanapokuwa na funzo kubwa kuliko rekodi zake. Wengi wameiga ubao wake. Wachache huiga subira iliyoutangulia. Kabla ya kupigilia ufito wa kwanza alikuwa amekwea kwa zaidi ya miaka kumi, amesoma jinsi misuli inavyofanya kazi, na anajua hasa ni udhaifu upi alioutafutia tiba. Anayetaka kuanzia pale Güllich alipoishia, na auguse kwanza ubao huo kwa macho.