Svante Arrhenius na Nguvu za Asidi

Kila mtoto wa Kalemie anajua ukali wa ndimu. Mama huikamulia samaki, nasi tukiionja, macho hufumba yenyewe. Ukali huo ni wa asidi. Siki pia ina asidi. Lakini asidi iliyo ndani ya betri ya motokari haionjwi kamwe: hutoboa nguo na kuchoma ngozi. Kwa nini asidi moja ni chakula, na nyingine ni hatari? Mtu aliyefungua njia ya kulijibu swali hilo ni Svante Arrhenius.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala, katika nchi ya Uswidi. Huko baridi ni kali hata maziwa huganda, watu wakatembea juu yake; ziwa letu Tanganyika halijui jambo hilo. Baba yake alikuwa mpima mashamba. Svante alijifundisha kusoma angali mdogo sana, na kwa kutazama daftari za baba yake akaipenda hesabu.

Alipokuwa kijana, jambo moja lilimsumbua. Maji safi hayapitishi umeme vizuri. Chumvi kavu nayo haipitishi. Lakini chumvi ikitiwa majini, umeme hupita. Arrhenius alipima mara nyingi, akafikiri hivi: chumvi ikiyeyuka, chembe zake hugawanyika, na kila kipande huchukua umeme wake. Vipande hivyo huitwa ioni.

Mwaka 1884 alipeleka maandiko yake kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Uppsala. Hawakuridhika nayo. Walimpa alama ya chini, iliyokuwa karibu kumfungia mlango wa ualimu. Arrhenius hakugombana nao. Alituma maandiko yake kwa wataalamu wa nchi nyingine. Mmoja wao, Wilhelm Ostwald wa Riga, alikuwa amepima asidi nyingi ili ajue zipi hufanya kazi upesi na zipi polepole. Sasa akaona kwamba zile zinazopitisha umeme vizuri ndizo zinazofanya kazi upesi. Basi akasafiri mpaka Uppsala kumwona kijana huyo, akamwitia kazi Riga. Lakini baba yake Arrhenius alikuwa mgonjwa, naye mwana akabaki nyumbani. Mzee alifariki mwaka 1885.

Mwaka 1887 Arrhenius alieleza fundisho lake waziwazi. Asidi ikiingia majini, huachia hidrojeni. Asidi yenye nguvu, kama ile ya betri, huiachia karibu katika kila chembe. Asidi ya siki ni dhaifu: ikitiwa maji mengi kidogo, chembe moja hivi tu katika mia hugawanyika. Wataalamu waliomfuata walieleza sababu. Sehemu inayobaki ikiweza kuchukua umeme wake bila taabu, huiacha hidrojeni iende zake. Isipoweza, huivuta irudi.

Tena, nguvu si sawa na wingi. Tone moja la asidi yenye nguvu katika pipa la maji halichomi mkono; hata hivyo chembe zake zimegawanyika. Asidi hiyo ni chache, lakini si dhaifu.

Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa sababu ya fundisho lile lile lililopata alama ya chini. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akazikwa Uppsala.

Watoto, alama ya chini haiigeuzi kweli kuwa uongo. Arrhenius alipima, akangoja, akamheshimu baba yake. Mvumilivu hula mbivu.

Maswali
1. Kwa nini Arrhenius hakwenda Riga mara moja?
2. Asidi ya betri na asidi ya siki zinatofautianaje majini?
3. Eleza tofauti ya asidi dhaifu na asidi chache.