Charlie Taylor: Fundi wa duka la baiskeli aliyeunda injini ya ndege ya kwanza

Ukiulizwa ni nani walirusha ndege ya kwanza yenye injini, utajibu bila kusita: Wilbur na Orville Wright wa Marekani. Sawa kabisa. Lakini injini yenyewe ilitengenezwa na nani? Hapo wengi hukuna kichwa.

Jina lake ni Charles Edward Taylor, na waliomzoea walimwita Charlie. Kama wewe ni kijana unayedharauliwa kwa sababu mikono yako ina grisi, hebu msome huyu.

Charlie alizaliwa Mei 24, 1868 katika jimbo la Illinois. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaanza vibarua vya kutumwa huku na kule. Baadaye aligundua kwamba vyuma vilimtii. Mwaka wa 1901, mjini Dayton, Ohio, ndugu wa Wright walimwajiri awaangalizie duka lao la baiskeli kwa senti 30 kwa saa. Wao walikuwa wakisafiri kwenda Kitty Hawk, ufuoni mwa bahari, kujaribu ndege zisizo na injini.

Kisha wakahitaji injini. Waliwaandikia watengenezaji kadhaa, lakini hakuna aliyekuwa na injini nyepesi vya kutosha yenye nguvu za farasi angalau 8. Basi kazi ikamwangukia Charlie, ambaye hakuwa amewahi kuunda injini ya petroli maishani mwake.

Vifaa vyake? Kerezo, mashine ya kutoboa vyuma na zana za mkono. Krenkishafti aliichonga kutoka kwa pande la chuma la kilo 45 hivi. Alichora umbo lake, akatoboa matundu mengi kuzunguka mchoro, akaondoa vilivyozidi kwa nyundo na patasi, kisha akamalizia kwa kerezo. Ilibaki na kilo 9 hivi tu. Ili kupunguza uzito, bodi ya injini ilisubiwa kwa alumini. Kwa wiki sita, mwanzoni mwa 1903, injini ya silinda nne ilikuwa tayari. Ilivunjika katika majaribio ya Februari, ikabidi bodi nyingine isubiwe. Charlie hakukata tamaa.

Sasa sikiza kioja. Injini hiyo ilipowashwa ikiwa baridi, ilitoa nguvu za farasi karibu 16. Baada ya dakika moja au mbili, nguvu zilishuka hadi 12. Robo nzima imepotea, na hakuna kilichoharibika!

Mwizi alikuwa joto. Hewa ikipata moto hutanuka. Silinda nayo haiongezeki ukubwa, kwa hivyo pistoni inavuta hewa nyepesi yenye oksijeni kidogo. Oksijeni ikipungua, petroli inayoweza kuungua hupungua pia, na nguvu hushuka. Kwenye injini ya Charlie, hewa ilipitia sehemu zilizokuwa zimeshika moto kabla ya kuingia kwenye silinda. Ikawa inafika imeshatanuka.

Hata hivyo, 12 zilitosha. Desemba 17, 1903, huko Kitty Hawk, palikuwa na baridi kali hata madimbwi yakaganda. Upepo nao ulivuma kwa nguvu. Hewa baridi ni nzito, hivyo ilisaidia injini, propela na mabawa kwa pamoja. Ndege iliruka kwa sekunde 12, na katika safari ya nne sekunde 59. Charlie hakuwepo, alikuwa amebaki Dayton.

Mwaka wa 1904 majaribio yalihamia kwenye malisho ya ng'ombe karibu na Dayton. Kiangazi kilipofika, ndege ilisumbua kupaa. Upepo ulikuwa mdogo, hewa ni ya moto, na mahali penyewe ni juu kuliko ufuoni. Mwezi wa Septemba waliunda mnara wenye uzito mkubwa ambao, ukiangushwa, uliivuta ndege kwa kamba hadi ikashika kasi.

Usidhani hayo ni mambo ya kale. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa kati ya asilimia 6 na 7. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ndege ndogo ya pistoni ikiondoka hapo mchana wa jua kali huhitaji njia ndefu zaidi kuliko alfajiri, na rubani asiyepiga hesabu hiyo anacheza na roho za watu.

Na Charlie je? Mwaka wa 1911 alikuwa fundi wa Calbraith Rodgers, rubani wa kwanza kuvuka Marekani kwa ndege, iliyoanguka na kukarabatiwa mara nyingi njiani. Baadaye alihamia California, akapoteza akiba yake katika biashara ya ardhi. Akaishia kufanya kazi kiwandani kwa senti 37 kwa saa, hadi tajiri Henry Ford alipomtafuta mwaka wa 1937 asaidie kurejesha duka la Wright kama lilivyokuwa.

Mwaka wa 1955 alipatikana katika wodi ya hospitali ya umma, mgonjwa na maskini. Watu wa sekta ya ndege walichanga pesa ahamishiwe mahali pazuri. Alifariki Januari 30, 1956, miaka minane kamili baada ya Orville.

Leo Marekani huadhimisha siku ya mafundi wa ndege kila Mei 24, siku aliyozaliwa. Heshima nzuri, lakini yeye hakuiona. Kwa hivyo kijana, usidharau ufundi wako. Na fundi wako mshukuru akiwa hai, bado anashika spana.