Grace Kelly alipoitwa, wengi walimtarajia mwingine

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari karibu na Ishiara, kule Mbeere, niwasaidie walimu kunoa mchezo wao wa kuigiza wa Kiswahili kabla ya mashindano ya drama. Nilifika adhuhuri, jua la huko likiwa halina huruma, nikawakuta walimu wenzangu kivulini wakibishana. Hoja ilikuwa moja tu: ni msichana gani atakayetuzwa mwigizaji bora wa kike. Karibu utabiri wote ulimwendea msichana wa shule nyingine, shule ya bweni yenye jina, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona akiigiza mwaka huo. Sifa yake kubwa ilikuwa lafudhi. Wao wenyewe walikuwa na msichana mwenye kipaji, lakini walikuwa wamempa nafasi ya mchota maji apitaye jukwaani mara mbili bila ya kusema neno. Sababu yao ni kwamba hawezi kulitamka neno dada bila ya kuitanguliza n mbele ya kila d.

Mintarafu ya sauti hizo, sihitaji kuwaeleza walimu wa Kiswahili wa ukanda huu wa Mlima Kenya. Katika lugha zetu za huku, d na g husikika zikiwa zimefungamana na sauti ya puani, na mtoto aliyenyonya lugha hiyo huja nayo darasani. Si ujinga wala si uvivu. Ni mfumo wa sauti. Lakini katika drama huhesabiwa kuwa ni kasoro, na walimu waliponiuliza maoni yangu, mimi niliyezaliwa huko huko na kucheka na kuchekwa kwa ajili ya sauti hizo hizo, nilijikuta nawasimulia habari za mwanamke wa Marekani ambaye pua yake nusura imkoseshe kazi ya uigizaji. Nazirudia hapa kwa sababu wanafunzi wa kidato cha tatu waliokuwa wakisikiliza waliniuliza pia jinsi watu wanavyotabiri washindi wa Oscar, na maisha ya mwanamke huyo ni jibu zuri kuliko nadharia yoyote.

Grace Kelly alizaliwa Novemba 12, 1929, mjini Philadelphia. Babu na bibi yake upande wa baba walitoka Ireland. Baba yake, John Kelly, alianza kazi akiwa mwashi wa matofali, akaishia kuwa mkandarasi tajiri. Fauka ya hayo alishinda nishani 3 za dhahabu za Olimpiki katika upigaji makasia, 2 mwaka 1920 na moja mwaka 1924. Mama yake, mwenye asili ya Kijerumani, alikuwa mwalimu wa michezo. Katika nyumba ya wanamichezo, binti mdogo aliyependa vitabu na wanasesere hakutarajiwa makubwa. Aliyemwelewa ni ami yake, George Kelly, mwandishi wa tamthilia aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Mwaka 1947 aliingia chuo cha uigizaji cha American Academy of Dramatic Arts, New York. Hapo ndipo ilipozuka habari ya pua. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikipitia puani kama zilivyo sauti za watu wengi wa mji wake, na walimu walimweleza wazi kwamba kwa sauti ile hatafika mbali. Akaanza mazoezi ya kila siku, na wanaosimulia maisha yake husema kwamba alikuwa akijibana pua kwa kibanio cha nguo ili aijifunze njia nyingine ya kutoa pumzi. Ile lafudhi ya kiungwana tunayoisikia katika filamu zake, ambayo mtazamaji hudhani kwamba alizaliwa nayo, ilitengenezwa darasani. Alipokwenda likizo nyumbani, jamaa zake walimcheka kwa kujitia mwanamke wa Uingereza.

Hapa inafaa mwalimu atue kidogo. Grace alikuwa na kasoro ile ile aliyonayo binti wa Ishiara, au niseme alikuwa na kile kinachoitwa kasoro. Tofauti ni kwamba yeye alipata walimu, muda wa miaka 2, na baba wa kumlipia.

Novemba 1949 alipanda jukwaa la Broadway katika tamthilia ya Strindberg, kisha akaigiza katika michezo mingi ya televisheni. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1951, na mwaka uliofuata akaonekana kama mke wa Gary Cooper katika High Noon. Filamu hiyo ilisifiwa sana, lakini yeye mwenyewe hakuridhika na alivyoigiza, akarudi New York kusomea zaidi.

Mwaka huo huo wa 1952 kampuni ya MGM ilimpa mkataba wa miaka 7, naye akautia sahihi kwa sharti kwamba aweze kuishi New York na kupata nafasi ya kurudi jukwaani. Kilichomvuta kilikuwa filamu moja, nayo ilikuwa ipigwe huku kwetu: Mogambo, chini ya uongozi wa John Ford, pamoja na Clark Gable na Ava Gardner. Nifungue mabano kama mwanaisimu. Jina hilo lina sura ya Kiswahili, na wapo hadi leo wanaoandika kwamba ni neno letu lenye maana ya mahaba. Si neno letu. Lililo karibu nalo ni mgambo, na kila mtoto wa shule anajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Na jambo lilikuwapo. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 20, 1952, wiki chache tu kabla ya watu wa filamu kuwasili. Kambi kubwa za mahema zilipigwa, kazi ikafanyika Kenya, Tanganyika na Uganda, chini ya ulinzi wa bunduki. Huko nyuma ya kamera, watu wa Embu, wakiwamo wa Mbeere waliohesabiwa pamoja nao, walikuwa wakiingia katika miaka ya vitambulisho, misako na vizuizi. Mwaka 1954, katika msako mkubwa wa Nairobi ulioitwa Anvil, kuwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru kulitosha kumfanya mtu asombwe na kuhojiwa.

Waandishi wa maisha ya Grace wanasimulia kwamba alijifunza Kiswahili kabla ya safari hiyo, na kwamba katika hoteli moja ya Nairobi aliwashangaza wenzake kwa kuagiza chakula kwa lugha hiyo. Clark Gable, aliyemzidi umri kwa miaka 28, alimwita kwa kifupi cha neno baba. Sina sababu ya kumdhihaki. Mgeni anayejifunza lugha ya mwenyeji anastahili heshima, na wenzake hawakujisumbua. Hata hivyo, nilipoitazama tena filamu hiyo nikiwa na daftari mkononi, nilichoandika ni majina ya makabila. Wasamburu wanatajwa, Wahaya wanatajwa, kwa umma wao. Waigizaji wa Kizungu wanatajwa mmoja mmoja. Mwanamke Mwafrika anayeonekana pale hupita, kama mchota maji wetu wa Ishiara, wala hakuna neno alilopewa la kumwezesha mtu yeyote kusema kwamba ameigiza vizuri au vibaya.

Mogambo ilimletea Ava Gardner uteuzi wa mwigizaji bora wa kike na Grace uteuzi wa mwigizaji msaidizi. Machi 1954 wote wawili walitoka mikono mitupu. Tuzo kuu ilikwenda kwa Audrey Hepburn.

Sasa ndipo tunafikia ule mwaka ambao wapenda utabiri hawajausahau. Kampuni ya Paramount ilikuwa ikitayarisha The Country Girl, hadithi ya mke wa mwimbaji mlevi. Nafasi hiyo ilikusudiwa Jennifer Jones, ambaye alipata ujauzito. Grace akaitaka, lakini MGM ikakataa kumwazima. Akatishia kuiacha Hollywood na kurudi New York moja kwa moja, na kampuni ikalegea kwa malipo na kwa ahadi kwamba ataigiza katika filamu yao nyingine. Mwanamke aliyejulikana kwa uzuri akavaa miwani, sweta na nywele zisizotengenezwa. Wapigakura wa Oscar hupenda sana kumwona mrembo akijinyima urembo; mtabiri yeyote aandike hilo katika ukurasa wa kwanza.

Walioteuliwa walikuwa 5: Grace Kelly, Judy Garland kwa A Star Is Born, Audrey Hepburn kwa Sabrina, Jane Wyman kwa Magnificent Obsession, na Dorothy Dandridge kwa Carmen Jones. Wengi walimtarajia Garland. Alikuwa amerudi baada ya miaka ya matatizo, na uigizaji wake ulikuwa wa kutikisa moyo. Alijifungua mtoto wa kiume siku moja kabla ya sherehe, na watu wa televisheni wakapeleka kamera zao hadi hospitalini ili ashukuru akiwa kitandani. Machi 30, 1955, William Holden alifungua bahasha, akalitaja jina la Grace Kelly. Kamera za hospitalini zikafungashwa.

Je, ilikuwa ajabu? Mimi nasema haikuwa. Wahakiki wa New York walikuwa wamekwisha kumtuza Grace. Tuzo za Golden Globe zilimpa yeye upande wa drama na Garland upande wa muziki. Ilhali filamu ya Garland ilikuwa imekatwakatwa na kampuni yake yenyewe, takriban nusu saa ikatupwa baada ya kuonyeshwa, Grace alionekana katika filamu kadhaa mwaka mmoja, mbili kati yake za Alfred Hitchcock. Waliomtabiri Garland walipima uigizaji peke yake. Ukiniuliza nani aliigiza vizuri zaidi, nitamtaja Garland bila ya kusita. Lakini hilo ni swali jingine.

Jina linaloniumiza katika orodha ile ni la tano. Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike. Alikuwa mwimbaji tangu utotoni. Hata hivyo, katika Carmen Jones, filamu ya nyimbo, sauti inayosikika anapoimba si yake. Ni ya Marilyn Horne, mwimbaji wa Kizungu wa opera, kwa kuwa nyimbo zile zilidhaniwa kumshinda. Usiku wa sherehe alikuwa New York, ambako sehemu ya hafla ilifanyika, akapewa heshima ya kukabidhi tuzo ya uhariri wa filamu. Sijasoma utabiri wowote wa wakati ule uliomweka mbele. Filamu yake iliyofuata ilitoka mwaka 1957. Alifariki mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 42, na ilipita miaka 47 tangu usiku ule hadi Halle Berry alipoitwa mwaka 2002 kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuitwaa tuzo hiyo. Berry, ambaye mwaka 1999 alikuwa amemwigiza Dandridge katika filamu ya televisheni, alimtaja jukwaani. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o wetu alipata ya mwigizaji msaidizi.

Maisha ya Grace baada ya hapo yanajulikana, nami nitayapita upesi. Mei 1955 alikwenda tamasha la Cannes, akakutana na Mwanamfalme Rainier wa Monaco. Wakaoana Aprili 1956, akaiacha sinema akiwa na umri wa miaka 26 na filamu 11. Alizaa watoto 3. Mwaka 1962 alikubali kumwigizia Hitchcock tena, kisha akajitoa. Alimsaidia Josephine Baker, msanii mweusi wa Marekani aliyefilisika Ufaransa, kupata nyumba, na Baker alipofariki mwaka 1975 alizikwa Monaco. Kuanzia mwaka 1976, katika tamasha la Edinburgh, Grace alirudi mbele ya hadhira kwa njia ya kusoma mashairi, akiwa na kitabu mkononi na ile sauti yake. Alifariki Septemba 14, 1982, siku moja baada ya ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 52.

Nilipomaliza hadithi pale Ishiara, wanafunzi walitaka kujua kama kibanio cha nguo hufaa kweli. Niliwaambia wakiache kwenye kamba. Kisha nikaomba binti yule mchota maji anisomee ukurasa mmoja wa mhusika mkuu. Alisoma. Alizitamka d zake 3 kama zitamkwavyo kwao, na katika ile sehemu mama anapokataliwa kumzika mwanawe, mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni aliweka kalamu chini. Nimewaachia mazoezi ya wiki 6 ya kutenganisha ulimi na pua, ambayo mwalimu yeyote anayeyahitaji naweza kumpelekea. Nilipoingia garini, mwalimu mkuu wa drama alikuwa bado ameshika orodha yake ya waigizaji, na mbele ya nafasi ya mama palikuwa na majina mawili, moja kwa wino na moja kwa penseli.