Lord Kelvin: Profesa aliyejua siri ya volti kabla ya kompyuta kuzaliwa

KAMA unapenda gemu za kompyuta, huenda umewahi kukesha ukichezea mipangilio ya prosesa. Unapandisha kasi, mashine inakwama. Unaongeza volti kidogo, inatulia. Unapandisha tena, unaongeza tena. Kila hatua inakupa raha, na hakuna kengele inayolia kukuambia kwamba sasa umevuka mpaka.

Mchezo huo huitwa ovakloki, na swali lake kubwa ni moja tu: volti ngapi ni salama?

Ukidhani hilo ni swali la kizazi chetu, umekosea. Mnamo 1858 liliwagonganisha watu wawili nchini Uingereza. Mmoja alikuwa daktari aliyeamini nguvu. Mwingine alikuwa profesa aliyeamini hesabu. Daktari alipewa nafasi kwanza, na ndani ya wiki chache mradi mkubwa uliokuwa umelazwa chini ya bahari ukafa.

Profesa huyo alikuwa William Thomson. Dunia inamjua kama Lord Kelvin.

Chuoni akiwa na miaka 10

Thomson alizaliwa Juni 26, 1824, mjini Belfast, Ireland. Baba yake, James, alikuwa mtoto wa mkulima aliyejisomea hisabati hadi akawa mwalimu wa somo hilo. Mama alifariki William akiwa na miaka sita, na baba akabaki kuwalea watoto na kuwafundisha mwenyewe nyumbani. Mnamo 1832 baba alipata kazi ya uprofesa katika chuo kikuu cha Glasgow, Scotland, na familia ikahamia huko.

William alijiunga na chuo hicho akiwa na umri wa miaka 10. Ndiyo, 10. Wenzake wa rika walikuwa bado wanahangaika na kugawanya na kuzidisha.

Baadaye alienda Cambridge. Usidhani alikuwa mtu wa vitabu tu. Alipiga makasia hadi akashinda mashindano, na alipenda kupuliza ala za muziki. Katika mtihani mkuu wa hisabati wa 1845 wengi walimtarajia aibuke wa kwanza, lakini akawa wa pili. Hilo halikumrudisha nyuma. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, aliteuliwa profesa wa fizikia Glasgow, kazi aliyoifanya kwa miaka 53.

Mnamo 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, karibu nyuzi 273 chini ya sufuri ya Selsiasi. Kipimo hicho ndicho leo kinaitwa kelvini.

Waya uliokuwa kama tangi

Miaka hiyo telegrafu ilikuwa ndiyo intaneti ya dunia. Wafanyabiashara walitaka kuunganisha Ulaya na Amerika kwa waya mmoja chini ya Bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000. Bila waya huo, habari zilisafiri kwa meli siku kumi au zaidi.

Thomson alianza kulipigia hesabu jambo hilo mnamo 1854. Aligundua kwamba waya wa baharini si kama waya wa nchi kavu. Ndani kuna shaba, nje kuna maji ya chumvi, na katikati kuna utomvu mgumu wa mti uitwao gutapacha unaozuia umeme usivuje. Mpangilio huo unaufanya waya uwe kama tangi refu. Kila unapotuma ishara, lazima kwanza tangi lijae umeme, kisha limwagike, ndipo utume nyingine.

Hesabu yake ilitoa jibu lililowatisha wengi: ukirefusha waya mara mbili, ucheleweshaji unaongezeka mara nne. Dawa yake? Shaba nene na safi, gutapacha nene, na kifaa cha kupokea chenye uwezo wa kuhisi umeme mdogo sana.

Hapo ndipo akaingia Wildman Whitehouse. Jamaa huyu alikuwa daktari wa upasuaji aliyejifundisha mambo ya umeme kwa majaribio yake mwenyewe, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa umeme katika kampuni ya mradi huo. Alipinga hadharani hesabu za Thomson. Kwake yeye, waya mwembamba ulitosha. Ishara ikiwa dhaifu, isukume kwa nguvu zaidi.

Thomson alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni, lakini kebo ilikuwa tayari imeagizwa, ikiwa na shaba nyembamba.

Volti 2,000 na kifo cha kebo

Jaribio la 1857 lilishindwa kebo ilipokatika baharini. Mwaka 1858 meli mbili, Agamemnon ya Uingereza na Niagara ya Marekani, zilirudi kazini. Whitehouse alibaki nchi kavu kwa sababu za kiafya. Thomson alipanda Agamemnon bila malipo, na katika safari ya Juni meli hiyo ilikumbwa na dhoruba iliyokaribia kuizamisha.

Agosti 5, 1858, kebo ilifika pande zote mbili, Valentia nchini Ireland na Newfoundland upande wa Amerika. Agosti 16, Malkia Victoria alimtumia Rais James Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98. Zilichukua takriban saa 16 kupita. Hata hivyo watu walishangilia mno. Jijini New York fataki zilirushwa hadi paa la jengo la baraza la jiji likashika moto.

Kumbe kebo ilikuwa mahututi. Whitehouse alikuwa ameiunganisha na koili kubwa zenye urefu wa futi tano, zilizotoa umeme unaokadiriwa kufika volti 2,000. Ishara zilipofifia, nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Gutapacha ilipokuwa na udhaifu, umeme ulipenya kuelekea baharini na kuzidi kuutanua ufa.

Jumbe zilizokuwa zikifika Valentia zilisomwa kwa kifaa alichobuni Thomson: kioo kidogo chenye sumaku nyuma, kilichoning'inizwa kwa uzi wa hariri ndani ya koili. Umeme kidogo tu ukipita, kioo kinageuka, na mwanga wa taa unaoakisiwa unasogea ukutani. Whitehouse aliendelea kuripoti kana kwamba vifaa vyake ndivyo vinavyofanya kazi. Kampuni ilipogundua, ilimfuta.

Thomson alijaribu kuiokoa kebo kwa betri ndogo na kioo chake. Jumbe zilipita kwa muda, ukiwemo mmoja wa serikali ya Uingereza uliosimamisha safari ya wanajeshi kutoka Kanada na kuokoa makumi ya maelfu ya pauni. Lakini jeraha lilikuwa la ndani. Mwanzoni mwa Septemba kebo ikawa haina faida tena.

Tuwe wa haki kidogo hapa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kebo yenyewe ilikuwa na kasoro. Ilitengenezwa kwa haraka, na sehemu nyingine zilihifadhiwa juani. Volti haikuzaa kasoro zote hizo. Ilizitafuta zilipojificha, ikazimaliza.

Kipimo cha pamoja

Jambo jingine lilijitokeza. Watu hawakuwa na lugha moja ya kupima umeme. Kila fundi alikuwa na vipimo vyake, kwa hivyo hata kusema mpaka salama uko wapi ilikuwa vigumu. Utawekaje mpaka kama huwezi kuutaja?

Mnamo 1861, kwa msukumo wa Thomson, chama cha wanasayansi wa Uingereza kiliunda kamati ya kusanifisha vipimo vya umeme. Kazi hiyo ilizaa matunda jijini Paris mnamo 1881, mkutano wa kimataifa ulipokubali volti, ampea na omu. Unaposoma 1.25 V kwenye skrini yako leo, unasoma lugha iliyotokana na jasho hilo.

Pigo baada ya pigo

Maisha hayakuwa mteremko. Mnamo 1860 Thomson alivunjika mguu akicheza mchezo wa kwenye barafu, akachechemea hadi mwisho wa maisha yake. Mkewe Margaret aliugua kwa miaka mingi na akafariki mnamo 1870.

Hata hivyo hakuiacha bahari. Mnamo 1865 meli kubwa kuliko zote duniani wakati huo, Great Eastern, ilibeba kebo mpya yenye shaba karibu mara tatu ya ile ya 1858, kwa mtindo ambao Thomson alikuwa akiutetea miaka yote. Ilikatika katikati ya bahari. Wakarudi mwaka uliofuata. Julai 27, 1866, kebo mpya ilifika Newfoundland, kisha mabaharia wakaiopoa ile ya 1865 kutoka chini ya bahari na kuimalizia. Dunia ikawa na laini mbili.

Mwaka huo, injinia Latimer Clark alifanya kitu ambacho kila mpenzi wa ovakloki anafaa kukijua. Aliomba kebo hizo mbili ziungwe pamoja upande wa Amerika. Kisha akiwa Valentia, alitengeneza betri ndani ya kastabini ya fedha, ile kofia ya kidole ya mshonaji, kwa kipande cha zinki na matone machache ya asidi. Umeme wa kastabini hiyo, kama volti moja hivi, ulivuka Atlantiki na kurudi, ukasogeza mwanga wa kioo cha Thomson.

Volti 2,000 zilishindwa. Volti moja ilifaulu.

Thomson alipewa cheo cha Sir mwaka huo wa 1866, na mnamo 1892 akawa Lord Kelvin, jina alilolitoa kwenye mto unaopita karibu na chuo chake. Hakuwa malaika wa sayansi. Alikadiria umri wa dunia kuwa mdogo mno kuliko ulivyo, akang'ang'ania, na pia hakuamini kwamba ndege zingeruka. Alifariki Desemba 17, 1907, akazikwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Isaac Newton.

Turudi kwenye kompyuta yako

Prosesa ina mabilioni ya transista, na kila moja ni tangi dogo linalojazwa umeme na kumwagwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Ukiongeza volti, tangi linajaa upesi. Ndiyo maana ovakloki hufanya kazi, na ndiyo maana inashawishi.

Lakini joto hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka volti 1.2 hadi 1.4, umeongeza nguvu inayogeuka joto kwa karibu asilimia 36, hata kabla hujagusa kasi. Na safu inayozuia umeme ndani ya transista ina unene wa nanomita chache tu. Umeme mwingi na joto huila polepole, na pia husogeza chembe za shaba kwenye nyaya ndogo za ndani. Prosesa haifi siku hiyo. Inaanza kukwama miezi kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau ulichokifanya.

Hata wakubwa hukosea. Mnamo 2023, baada ya baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 7000 kuungua, mpaka wa volti ya sehemu iitwayo SoC uliwekwa kuwa 1.3. Mwaka 2024, Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti ya juu kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya kuzizuia zisiombe zaidi ya 1.55. Usiichukue namba hiyo kama ruhusa. Hiyo ni dari ya chipu inayojiongoza, si kiwango cha kuiacha mchana kutwa.

Kwa hivyo, anza na mpaka wa mtengenezaji wa chipu yako hasa, si namba ya rafiki yako. Chipu mbili za aina moja hazilingani, kama vile kebo ya 1858 ilivyokuwa na kasoro zake za siri. Ongeza kwa hatua ndogo, pima joto mashine ikiwa kazini, na ukiona kila hatua ya kasi inadai volti nyingi kuliko iliyotangulia, simama hapo.

Na kuna njia ambayo Thomson angeipenda zaidi: kupunguza volti kidogo kidogo huku kasi ikibaki pale pale, hadi upate kiwango cha chini ambacho mashine bado inatulia. Inapoa, feni inanyamaza, na wakati mwingine prosesa inakimbia zaidi kwa sababu joto haliirudishi nyuma.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Whitehouse aliijua nguvu. Thomson alijua inatosha wapi.