Guglielmo Marconi na Simu ya Upepo

Je, mwanafunzi, umepata kukaa pwani ukaitazama ngalawa mpaka ikatoweka upeoni? Hapo zamani, chombo kilichokwisha kutoweka machoni hakikuwa na njia ya kuwaarifu watu wa nchi kavu kwamba kinazama. Mabaharia walipandisha bendera, walipiga mizinga au walirusha fataki. Lakini bendera haionekani katika ukungu, na mlio wa mzinga humezwa na upepo.

Guglielmo Marconi alizaliwa Bologna, nchini Italia, mwaka 1874. Hakusoma chuo kikuu, lakini alipenda sana habari za mawimbi ya umeme, ambayo Heinrich Hertz wa Ujerumani alikuwa ameyathibitisha. Mawimbi hayo hayaonekani wala hayasikiki, nayo husafiri bila waya.

Mwaka 1895, nyumbani kwa baba yake, Marconi aliunda mtambo wa kupeleka ishara na mwingine wa kuzipokea. Aliona kwamba waya mmoja ukiinuliwa juu, na mwingine ukiunganishwa na ardhi, ishara hufika mbali zaidi. Inasimuliwa kwamba kaka yake alikwenda na chombo cha kupokelea nyuma ya kilima, akiwa na bunduki. Ishara ilipofika, alifyatua risasi.

Mwaka 1896 Marconi alikwenda Uingereza, nchi yenye meli nyingi. Mwezi Desemba 1898 mtambo wake uliwekwa katika meli ya taa iitwayo East Goodwin. Meli ya taa ni chombo kilichotia nanga mahali pa hatari ili kuwaonya mabaharia; hii ililinda mafungu ya mchanga yaliyokwisha kuangamiza vyombo vingi. Mwezi Aprili 1899 palikuwa na ukungu mzito. Meli nyingine, R. F. Matthews, haikuiona, ikaigonga. Fikiri jinsi watu wake walivyokuwa: walinzi wa wengine, sasa wao wenyewe wamo hatarini! Walipeleka ishara. Katika mnara wa taa wa South Foreland, umbali wa kilomita 19 hivi, ishara ilipokelewa, na mashua ya uokozi ikaja.

Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun, kwani kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1912 meli kubwa Titanic ilizama, na zaidi ya watu 700 waliokolewa na meli Carpathia iliyoitwa kwa simu ya upepo. Marconi alifariki Roma mwaka 1937.

Leo hata mashua ndogo huweza kuchukua redio ya mkononi, ikihifadhiwa isiingie maji, pamoja na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu. Mawimbi ya redio hiyo husafiri karibu sawa na mwanga, katika mstari ulionyooka, na bahari imepinda kama dunia ilivyo. Kwa hiyo waya wake ukifungwa kileleni mwa mlingoti, sauti hufika mbali kuliko nahodha akiishika redio hali ameketi.